Jukwaa Lililozama Manga

Vijana wangu wa karakana ya Nyakoe, nimesikia mmekosana. Nimeambiwa mmepewa kazi ya kujenga jukwaa la sherehe kule Manga, la mbao tupu kama yale ya zamani, na tangu mmoja wenu ateuliwe kuwa mkubwa wa kazi, mwenzake hamsalimii. Basi wewe uliyenuna, barua hii ni yako. Wengine someni tu mkinywa chai.

Msione mkono wangu unatetemeka mkadhani uzee umenifanya mtakatifu. Mimi ni mtu wa wivu. Nilikuwa nao nikiwa kijana, ninao leo nikiwa nimepita miaka themanini, na hata nyinyi nawaonea. Juzi nilipita hapo karakana nikamkuta mmoja wenu anatoboa ubao kwa mashine ya chaji. Drrr! Akamaliza kabla sijamaliza kukohoa. Sisi tulizungusha keekee kwa mkono mpaka kwapa zinawaka moto. Nilisimama mlangoni nikasema, "Kazi nzuri, kijana," lakini moyoni nilikuwa nasema mengine kabisa. Na magoti yenu hayo! Mnachuchumaa na kusimama bila kushika kitu. Haya, tuyaache.

Useremala nilijifunza mjini Kisii, kwa Kalasinga mmoja aliyeitwa Gurdip. Ndevu ndefu, kilemba safi, na macho yanayoona kombo la nywele moja kwenye ubao wa futi kumi. Tulikuwa wanafunzi wawili. Mimi Momanyi, mtoto wa Manga, na Ochieng', Mjaluo kutoka tambarare za kandokando ya ziwa. Tulilala chumba kimoja, tukala sufuria moja, tukatukanwa na Gurdip kwa zamu.

Sasa niwaambie huyo Ochieng' alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo hamtanielewa. Alikuwa akishika randa, mbao zinatoka nyororo na yeye anaimba. Mimi nilipiga randa nikiwa nimekunja uso, na mbao zangu zilitoka nyororo vilevile, lakini nani alitazama? Wateja waliingia wakaenda kwake moja kwa moja. Alijifunza Ekegusii kwa mwaka mmoja. Si kile cha kuombea maji, la, kile cha kuchekesha wazee. Nilimpeleka nyumbani mara moja tu, Jumapili moja, mama yangu akatupikia ugali wa wimbi na chinsaga, zile mboga zetu chungu zinazolala kwenye chungu na maziwa. Ochieng' akala, akalamba vidole, akasema kwa Ekegusii, "Mama, kwetu nikisema nimekula mboga tamu kuliko samaki watanifukuza." Mama akacheka mpaka akashika mlango. Mimi nilikuwa nimekula mboga zile miaka ishirini na sikuwahi kumchekesha hata kidogo. Tangu siku hiyo, kila nikienda nyumbani peke yangu, swali la kwanza la mama lilikuwa hilohilo: "Ochieng' yuko wapi?"

Hakusema kwanza habari yako mwanangu. Ochieng' yuko wapi! Roho iliniuma, acheni tu.

Zilikuwa siku za kudai uhuru. Chama chetu kilikuwa cha mseto. Ndani yake mlikuwa na Wagusii, Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya, watu wa pwani, hata Wahindi kadhaa, na wote walikuwa wanaimba wimbo mmoja: mkoloni aende kwao. Leo mnasoma shuleni kama jambo rahisi. Halikuwa rahisi. Watu wale walikuwa wanatazamana kwa pembe ya jicho. Kila kabila liliogopa kwamba bendera ya mkoloni ikishuka, jirani ndiye atakayepanda juu. Katibu wa chama mjini, Bwana Mutiso, Mkamba mwembamba aliyekuwa karani, alikuja karakana akamwambia Gurdip, "Fundi, nataka majukwaa ya mikutano. Na nataka yanyooke. Asionekane mmoja juu na mwingine chini."

Gurdip akanipa mimi kazi ya kwanza, hapa hapa Nyakoe. Nilifurahi! Nikapima miguu yote ya jukwaa kwa futi, sawasawa, inchi kwa inchi, nikaisimamisha. Nanyi mnajua ardhi yetu. Hakuna mahali huku ambapo mpira ukiuweka chini utakaa. Miguu ikawa sawa na jukwaa likawa limeinama. Mimi kwa kiburi changu nikasema ni kidogo, hakuna atakayeona.

Lo! Waliona wote. Kiongozi mmoja mgeni alisimama upande wa juu, na wa kwetu, ambaye tangu hapo Mungu hakumpa urefu, akasimama upande wa chini. Alikuwa anamfika mwenzake kifuani. Mzee mmoja mbele akauliza kwa sauti, "Mbona wetu amewekwa shimoni?" Minong'ono ikaanza. Kufikia wimbo wa tatu, nusu ya watu walikuwa wameondoka wakisema chama hiki kina wenyewe. Bwana Mutiso hakunigombeza. Alikuja tu akalitazama jukwaa, akanitazama, akaenda zake. Sikilizeni basi: kwenye mteremko hupimi mguu, unapima juu, halafu kila mguu unaukata ufuate ardhi yake. Miguu isipotofautiana, juu hapawi sawa.

Kesho yake Gurdip alifungua kabati lake akatoa pima maji yake mwenyewe, ya mti mwekundu na shaba kwenye ncha, ile aliyokuja nayo kutoka kwao. Nilidhani ananipa ili nisirudie kosa. Akampa Ochieng'.

"Kuanzia leo majukwaa ni yako," alimwambia. "Momanyi atakusaidia."

Nilitabasamu. Hata mkono nilimpa, nikamwambia hongera. Jioni nilimwachia sufuria nzima peke yake. Kila mahali tulipokwenda baada ya hapo, Keroka, Nyamira, Kisii mjini, Ochieng' aliweka ile pima juu ya ubao, akainama, akafumba jicho moja, kile kiputo kikakaa katikati, na watu waliokuwa wanatazama wakapiga makofi. Makofi kwa sababu ya kiputo! Mimi ndiye niliyechimba mashimo. Mimi ndiye niliyebeba nguzo.

Ndipo ukaja mkutano wa Manga, mkubwa kuliko yote, kabla ya uchaguzi. Viongozi wote wa mseto wangekuja siku moja, wasimame pamoja mbele ya watu wetu, ili waliobaki na shaka waone kwa macho yao. Bwana Mutiso alitujia uso umemkunjamana. "Nyakoe walitusamehe," alisema. "Manga wakiondoka, tumekwisha huku." Mkutano ulipangwa Jumapili. Ijumaa asubuhi tulikuwa uwanjani, Ochieng' na mimi.

Manga ni kwetu. Nyumba ya mama yangu ilikuwa inaonekana kutoka pale uwanjani. Ochieng' alizunguka, akashuka, akapanda, akafika pembe ya chini, akafurahi. Palikuwa na kipande tambarare kabisa, kizuri, nyasi fupi za kijani. Mtu wa ziwani akiona tambarare anaona nyumbani. Lakini mtu wa milimani, vijana, akiona tambarare anajiuliza maji yalikwenda wapi. Huku kwetu udongo haulali hivihivi. Pale palikuwa na chemchemi na dimbwi, na matete yaliyonipita kimo. Mimi nilinywesha ng'ombe wa baba yangu pale utoto wangu wote, mpaka walipopafukia kupanua uwanja. Juu ni nyasi. Chini ni uji.

Ochieng' aliweka ubao chini, akaweka pima juu yake. Akanigeukia.

"Omera, ndugu yangu, hapa ni kwenu. Pako sawa hapa?"

Mngemwona alivyoniuliza! Kwa moyo mweupe, kofia iko mkononi, jasho linamtiririka. Nami nikamjibu kwa maneno ambayo nimeyakumbuka kila siku ya maisha yangu.

"Pima yako inasemaje?"

"Inasema sawa."

"Basi ni sawa."

Sikusema uongo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilitaka nini? Nilitaka liiname kidogo tu, kama langu lilivyoinama. Nilitaka naye atazamwe na Bwana Mutiso vile nilivyotazamwa mimi. Basi. Tukachimba mashimo, na futi ya kwanza ilikuwa udongo mkavu wa kumwagwa, mwekundu, mzuri. Alipotaka tushuke zaidi nikamwambia jua linazama na Sabato inaingia, mimi siwezi kuendelea. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Sabato hiyo nilikaa kanisani, pale juu kidogo ya uwanja. Ochieng' hakuwa Msabato, kwa hiyo alikuwa chini huko anapigilia mbao peke yake. Tulikuwa tukinyamaza kuomba, nasikia nyundo. Ko, ko, ko. Tukiimba, inapotea. Tukinyamaza, iko palepale. Baada ya chakula cha mchana mvua ikaanza kugonga mabati ya kanisa, ile mvua yetu ya alasiri isiyobisha hodi. Nilikuwa na saa nyingi. Kutoka benchi langu mpaka pale uwanjani hata dakika tano hazifiki. Ningeshuka, nikamwambia, "Ndugu, ng'oa, tuhamie kule juu kwenye mwamba, nitakusaidia." Nilikaa. Nilifungua kitabu cha nyimbo nikaimba kwa sauti kubwa, mpaka jirani yangu akanitazama.

Jumapili watu walijaa mpaka kwenye mipaka ya mashamba ya chai. Jukwaa lilikuwa zuri, siwafichi, zuri kuliko yote tuliyowahi kujenga, na ngazi yake na ukingo wake. Viongozi wakapanda mmoja mmoja, ngoma zinalia, akina mama wanapiga vigelegele. Walipokuwa wanane, nikasikia sauti ambayo mimi peke yangu niliijua. Ilikuwa sauti ya kwato za ng'ombe zikitoka kwenye tope.

Nguzo mbili za upande wa kushoto zikazama. Si kidogo, vijana. Zikazama mpaka magotini pa mtu mzima. Jukwaa zima likalala ubavu, viti vikateleza, na kiongozi wetu Mgusii, ambaye alikuwa ameketi mwisho upande ule, akaangukiwa na wenzake watatu. Aliinuliwa ameshika mkono wake, umevunjika.

Mtu akapiga kelele, "Nani amejenga hili?" Mwingine akajibu, "Si yule Mjaluo!" Ikawa moto. "Ametutega!" "Wamepanga kutuulia mtu wetu!" Niliona watu wazima, wazee wa kanisa, wanavunja fito za ua. Wale Wajaluo waliokuja na viongozi wakajikusanya upande mmoja, nao wakaokota mawe. Bwana Mutiso alikuwa anapunga mikono yake miwili na hakuna aliyemsikia. Miaka yote ya kuwaweka pamoja ilikuwa inaondoka mbele yangu, na mimi nimesimama pale na nyundo kiunoni. Neno moja tu langu lingetosha. Pale pana maji, mimi nilijua, yeye hakujua. Sikulitoa.

Ochieng' akapanda. Alipanda lile jukwaa lililoinama, kwa mikono na magoti, akasimama kwenye ukingo wa juu, mguu mmoja umekunjwa ili asiteleze. Akasema kwa Ekegusii, kile kizuri chake:

"Wazee wangu, akina mama zangu. Nimejenga mimi. Sikutumwa na Wajaluo, nimetumwa na ujinga wangu. Sikuchimba vya kutosha. Mkitaka kupiga, pigeni fundi mmoja aliyekosea, yuko hapa. Lakini msiwapige wale, hawajui hata kushika msumeno."

Mtu mmoja akacheka. Kisha wa pili. Fito zikashuka. Kiongozi wetu, mkono umefungwa kwa kitambaa, akasema wote watahutubia wakiwa chini kwenye nyasi. Basi watu wakapanda mteremkoni wakaketi, kila mmoja akaona vizuri juu ya kichwa cha mwenzake, na viongozi wakasimama chini kabisa, bega kwa bega, wakitutazama sisi kwa kuinua shingo. Watu waliupenda mkutano ule kuliko wowote. Mpaka leo wazee wachache waliobaki wanausimulia, na wanamtaja Ochieng'. Mnaona? Hata kuanguka kwake kulisifiwa! Mimi jukwaa langu la Nyakoe lilizomewa, lake lilipozama likawa hadithi.

Lakini kazi aliipoteza. Chama hakikuweza kumweka tena, na Gurdip, macho chini, akamwomba arudishe pima maji. Ochieng' akaondoka akarudi kwao ziwani, akawa fundi wa milango na vitanda vya watu wa kawaida. Pima nikapewa mimi. Jukwaa la sherehe ya uhuru pale Kisii mjini nililijenga mimi. Lilikuwa limenyooka kiasi kwamba ungeweka kikombe cha chai kilichojaa pomoni kisimwagike. Viongozi wa kila kabila wakasimama juu yake, bendera mpya ikapepea, watu wakalia. Hakuna mtu hata mmoja aliyelitazama jukwaa. Lililosimama halina anayeliona, na huo ndio ufundi wenyewe, lakini siku ile uliniuma kama jino. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama, "Nimejenga jukwaa la uhuru." Akanipakulia chakula. "Vizuri," akasema. "Ochieng' yuko wapi?"

Ochieng' alifariki mwaka jana. Nilipata habari nikaifunga ile pima kwenye kitambaa, nikaenda mazishini kwao. Nilikuwa nimeamua kusema. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno, na, Mungu anisamehe, hata pale nilitazama umati uliojaa ule ua nikajiuliza kama mimi nitapata nusu yake. Baada ya maziko nilimwendea mjane wake, Mama Akinyi, ambaye nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani.

"Shemeji," nikamwambia, "nina neno nililomficha mumeo. Lile jukwaa la Manga..."

"Lile la kwenye chemchemi?" akaniuliza.

Akanivutia kiti.

"Alijua?"

"Alijua kesho yake. Alikwenda kumuaga mama yako kabla ya kuondoka. Mama yako akamuuliza, mwanangu, mbona mlijenga juu ya maji, na Momanyi amenywesha ng'ombe pale tangu yuko mdogo? Wakatazamana wote wawili, wakaelewa." Akapangusa macho. "Mama yako alitaka akuite saa ileile. Mume wangu akamkataza. Alisema ukiitwa utakana, halafu utabaki na uongo juu ya lile kosa. Wakakubaliana wangoje useme mwenyewe."

Nilimpa ile pima maji. Akaifungua, akaitazama, akanirudishia. Alisema nyumbani kwake hakuna seremala.

Kwa hiyo wewe uliyenuna, njoo uichukue. Ipo hapa mezani kwangu. Umpelekee mkubwa wako wa kazi, kisha ushuke naye mpaka ile pembe ya chini ya uwanja wa Manga. Siku hizi wamepanda mikaratusi pembeni na nyasi zinaonekana kavu. Msidanganyike. Chimbeni futi nne, mnuse udongo. Ukiwa mweusi na unanuka zizi, hamieni juu kwenye mwamba. Na akikuuliza kama pako sawa, usimuulize pima inasemaje. Mwambie unachokijua.

Mama yangu aliishi miaka mingi baada ya uhuru. Kila nilipomtembelea, mpaka mwaka aliokufa, alinipakulia ugali na chinsaga, akakaa mbele yangu, akaniuliza Ochieng' yuko wapi. Na mimi, nikidhani mwanamke huyu anampenda mtoto wa watu kuliko wa kumzaa, nilimjibu kila mara, "Sijui, mama," nikamsogezea sahani aniongezee mboga.